Mtoto Halii Mara Mia Mbili kwa Siku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na ile cherehani kubwa imeacha kukata uzi. Baba naye mpe shikamoo yake, na goti lake ulipe pole kwa niaba yangu. Huku sisi ni wazima. Baba mtoto mzima, mimi mzima wa kujikaza, na mjukuu wako, ambaye hapa nyumbani tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hafanyi kazi yoyote na kila mtu anamtumikia, ni mzima kuliko sisi wote. Ana meno mawili chini na la tatu linachungulia juu. Anakaa bila kuegemezwa. Jana amemaliza viazi vyake vyote halafu akataka kukila na kijiko chenyewe.

Nimeanza na habari zake makusudi, mama, ili uendelee kusoma ukiwa umekaa. Najua kwamba Jumamosi mnakuja kumchukua. Mjomba amempigia simu baba mtoto akamweleza yote: kwamba kikao cha ukoo kimekaa, kwamba mama mkubwa amelia mbele za watu, kwamba meza yako ya kukatia vitambaa imehamishiwa sebuleni ili kile chumba kiwe cha mtoto, na kwamba yeye mjomba ameshaomba gari kazini kwake, lile la kubebea magodoro. Unamjua mkweo. Alikuwa juu ya ngazi anamfungia mtu taa, nyaya mdomoni, akawa anaitikia tu ndiyo mjomba, sawa mjomba. Aliposhuka chini ndipo akagundua kwamba amekubali mwanawe achukuliwe. Alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni, hataki kuingia.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema mama, unasema najua mwanangu, najua, na kumbe hujui. Halafu mtandao wa hapo dukani kwako unaujua mwenyewe, sentensi inafika nusu. Barua hii nampa yule muuza nyuzi anayekuja kwako kila Alhamisi. Ameapa atakupa mkononi kabla hajafungua mzigo wake. Tafadhali isome mpaka mwisho wewe mwenyewe kabla hujampa mjomba, maana huko mwisho kuna jambo ambalo ni langu na lako.

Mama, mtoto halii mara mia mbili kwa siku. Hajawahi. Nitakueleza zile meseji zilitoka wapi, na itabidi nikueleze kazi yangu, ile ambayo kila mara nikianza kukueleza unasema bora uzima.

Tuko wanne ofisini, vyumba viwili juu ya duka la vioo. Tunatengeneza programu za simu. Hii tunayotengeneza sasa ni ya foleni ya kliniki. Unakumbuka nilivyokaa kwenye lile benchi nikiwa na mimba ya miezi minane, tangu asubuhi hadi saa nane mchana, naogopa hata kwenda chooni nisije nikaitwa nikapitwa? Basi programu hii ni kwa ajili ya benchi lile. Mama mjamzito anakaa kwake, muuguzi akiita namba, simu za wanaosubiri zinajua papo hapo. Ile kazi nilipoisikia sikuuliza mara mbili. Nilisema hiyo niwekeni mimi.

Sasa kuna namna mbili za kujua jambo. Chukua duka lako. Kuna mteja anayekuja kila siku kuuliza gauni limeisha? Halijaisha. Kesho anakuja tena. Anajichosha yeye, na wewe anakutoa kwenye mshono. Na kuna mteja unayemwambia kaa nyumbani, nimekuandika kwenye daftari, likiisha nitakuita. Huyo wa pili ndiye sisi tunayemtaka. Simu inajiandikisha mara moja, kisha jambo likitokea inaitwa. Wenyewe wanauita mtindo wa kuitikia. Ni hilo tu, mama, usiogope. Wewe umefanya kazi kwa mtindo huo tangu sijazaliwa.

Ila kulitengeneza daftari hilo ndani ya simu ni kazi kubwa, kwa hiyo hatulitengenezi wenyewe. Kuna watu duniani wameshaliandika, wakaliacha wazi mtandaoni, yeyote alichukue, alisome ndani, alirekebishe, wala hasemi asante kama hataki. Ni kama wewe uchukue zile karatasi zako za kukatia mikono ya gauni, uzitundike nje ya mlango, kila fundi anayepita anakili. Najua hutazitundika. Lakini wapo wanaotundika. Kila fungu la namna hiyo tunaliita maktaba, ingawa haina rafu wala mtu wa kukuambia unyamaze.

Shida ni kwamba zipo nyingi, na ofisi yetu ilibaki na tatu ikashindwa kuchagua. Tulishazipa majina. Ya kwanza tunaiita Babu. Ina miaka mingi, ina kila kitu, na maelezo yake ukiyachapisha unaweza kuyakalia kama kiti. Mwenzetu mmoja tunayemwita Ndevu anaipenda kuliko ndugu zake. Ya pili ni Bi Harusi. Mpya, inang'aa, mistari kumi ya Babu yeye anaisema kwa mitatu. Huyo ana mtetezi wake, dada mmoja tunayemwita Msafi kwa sababu anaifuta kompyuta yake kila akirudi kutoka chooni, na ya jirani yake pia. Ya tatu ni ndogo, imeandikwa na mtu mmoja tu peke yake, hatumjui, na mtu huyo alikuwa kimya miezi minane. Watu wamemwachia maswali, hajibu. Tukaiita Yatima, na hakuna aliyeitetea.

Ndevu na Msafi waligombana wiki mbili nzima. Ndevu akisema kitu kikishakaa miaka kumi bila kuvunjika kimejieleza, Msafi anamjibu kwamba hata kiti chake kina miaka kumi na kila siku kinamchania suruali. Msafi akisifia wepesi wa Bi Harusi, Ndevu anauliza kama anatafuta maktaba au anatafuta karatasi. Mkuu wetu ni mtu mpole, alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku moja aligonga meza, akasema ametosheka na mapenzi, sasa anataka ushahidi. Akanigeukia mimi akaniambia nizipime zote tatu, kila moja wiki yake, nimletee ripoti. Mimi, kwa sababu sina upande. Ukweli ni kwamba sikuwa na upande kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuwa nao.

Sasa, mama, ili kupima daftari unahitaji wateja, na wateja wasumbufu. Zamani tulikuwa tunabonyeza kitufe kwa kidole, lakini kidole kina adabu, kinabonyeza kwa mpango. Mkuu alisema anataka kitu kinachokuja bila kubisha hodi, kinachokuja kwa mafungu, kinachonyamaza ghafla, na ambacho hakuna binadamu anayekitawala. Tukawa tunafikiri. Wakati huohuo simu yangu ikaita, ni jirani wa mlango wa pili anayenishikia mtoto siku za ofisini, ananiambia Mheshimiwa amekataa kulala na amemtupia kikombe. Sauti ya mjukuu wako ilisikika chumba kizima. Ndevu akasema, kwa mzaha, si huyo hapo.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Siku tatu kwa wiki ninafanyia kazi nyumbani. Nilichukua simu kuukuu ya baba mtoto, ile yenye kioo kilichopasuka, nikaifunga juu ya kitanda cha mtoto, mbali na mikono yake. Kazi yake ni kusikiliza. Sauti ikipanda kupita kiasi fulani, simu inahesabu kwamba amelia, na inatuma meseji kwa walioandikwa kwenye orodha. Meseji niliiandika mwenyewe haraka haraka, mkono mmoja, chakula kikiwa jikoni. Iliandikwa MTOTO ANALIA, kwa herufi kubwa. Sikujua kwamba herufi kubwa zingefikishwa mpaka kwenye kikao cha ukoo.

Kwenye orodha niliandika namba yangu, ya baba mtoto, ya Mkuu na ya Ndevu. Nikahitaji na mtu mmoja aliye mbali, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, ili nione meseji zikikwama zinafanyaje, kwa sababu wako wajawazito wanaoishi sehemu kama hizo. Nikafikiri nani ninayemjua anayepanda nyuma ya tangi la maji ili apate mtandao. Nikakuandika wewe, mama, na sikukuambia. Nilidhani utapata meseji mbili tatu, utacheka, utanipigia. Hilo ni kosa langu la kwanza na ninaliomba radhi. Si la mwisho.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya Babu. Babu anafanya kile hasa ulichomwambia, hata kama ulichomwambia ni upuuzi. Sasa ngoja nirudi dukani kwako. Mteja akija unamwandika kwenye daftari. Akichukua nguo yake, unamfuta. Usipomfuta, utaendelea kumwita kwa nguo za watu. Na kama kila akipita mlangoni unamwandika upya, siku nguo moja ikiisha utamwita mara kumi na saba. Ndivyo nilivyofanya mimi. Kila nilipofungua ukurasa wa majaribio kuangalia mambo yanakwendaje, nilikuandika upya. Nikiufunga, sikukufuta. Hili ni kosa ambalo kila mtu wa kazi yetu amewahi kulifanya, na kila mtu husema yeye hajawahi. Mpaka Alhamisi nilikuwa nimeufungua mara kumi na saba. Mtoto akipiga kelele moja kwa sababu soksi imemtoka, wewe unaandikiwa meseji kumi na saba.

Na wewe hukuzipata kwa wakati wake, kwa sababu ulikuwa unashona sare za shule na hukupanda kwenye tangi siku mbili. Babu ana subira. Alizishika zote. Ijumaa ulipopanda, akakumwagia meseji mia mbili na kumi na mbili kwa mara moja. Baba aliniambia ulishuka umeshika simu kwa mikono miwili kama inayounguza, ukafunga duka mchana kweupe, na mteja akiwa ndani amevaa gauni lenye pini. Nilicheka, mama, nisamehe. Halafu nikaacha kucheka, maana aliniambia pia kwamba hukula.

Ulipiga simu jioni ile. Nilikuambia ni majaribio ya kazini, nimeshafuta. Ukasema najua mwanangu, najua, usinifiche. Mtandao ukakatika. Kesho yake ukaitisha kikao. Nimesikia kwamba mjomba aligawanya mia mbili na kumi na mbili kwa saa za siku, akatangaza kwamba mtoto analia kila baada ya dakika saba, usiku na mchana, na kwamba hata injini haifanyi hivyo. Nimesikia pia kwamba baba alisema mtoto kama huyo ana mapafu mazuri, mkamwambia anyamaze.

Wiki ya pili nikamweka Bi Harusi. Ni kweli ni mzuri. Ukifunga ukurasa anafuta majina mwenyewe, huna haja ya kukumbuka kitu. Nilifurahi nikasema huyu ananijua mimi ni mtu wa namna gani. Lakini mjukuu wako halii kwa kituo. Akianza analia tano, anapumua, analia nne. Bi Harusi vikija vingi pamoja anachukua cha mwisho, vingine anavitupa, na hasemi kwamba ametupa. Kwa gauni hiyo ni sawa. Kwa foleni ya kliniki, mama mwenye namba kumi na tano anakaa kwake anaambiwa wameita kumi na saba. Nilipomwonyesha Msafi, aliifuta kompyuta yangu, akaondoka.

Ninavyokumbuka hiyo ndiyo wiki uliyopata meseji moja tu, Jumanne, halafu basi, maana nilipofunga ukurasa Bi Harusi alikufuta na wewe. Mimi nilidhani utapumzika. Kumbe ulipanda kwenye tangi mara nne kwa siku kusubiri, na ukimya ukakutia hofu kuliko zile mia mbili. Mjomba akampigia baba mtoto akamuuliza kwa upole sana kama mtoto amepoteza sauti. Baba mtoto akasema sauti ipo. Mjomba akataka aisikie. Baba mtoto akamsogezea simu Mheshimiwa, na Mheshimiwa, ambaye siku nzima alikuwa ameimba kama redio, akaitazama simu, akaipigia chafya, akalala.

Wiki ya tatu ndiyo iliyokuwa ya Yatima. Hapa nisikilize vizuri. Yatima ana sehemu moja ambayo wale wawili wanayo lakini kwa kuzungukazunguka, na yeye ameiweka mbele kabisa. Kitu kikitokea, haitikii papo hapo. Anangoja kidogo aone kama ni kitu kweli. Unampa wewe mwenyewe muda wa kungoja. Mwongozo ulikuwa na mfano wa nusu sekunde. Mimi nikaweka kumi. Unajua kwa nini kumi? Wiki ya kwanza nilipotoka kujifungua, wewe ndiye uliyenishika mkono nikiwa nakimbilia kitandani, ukaniambia akilia usikurupuke, hesabu mpaka kumi, nusu ya vilio vya mtoto vinajimaliza vyenyewe. Niliandika kumi. Ikawa analia mara nne kwa siku. Tano akiwa na jino. Hizo ndizo hesabu za kweli za mjukuu wako, na sheria iliyozitoa ni ya kwako.

Kulikuwa na hitilafu ndogo mtandao ukirudi, na nikamwandikia mwenye Yatima, bila matumaini, kwa kuwa watu wote walishasema amekufa au ameoa. Baada ya siku mbili akajibu. Mistari miwili, haina herufi kubwa hata moja, maneno yameshikana, nukta hakuna. Ndevu akasema huyu mtu hana umakini. Mimi nilisoma mara moja nikajua. Niliwaambia huyu anaandika kwa mkono mmoja, mwingine una mtoto. Wakanicheka. Nikamwuliza. Akajibu kwamba ndiyo, ni mama, amejifungua, miezi minane iliyopita, anaomba radhi kwa kuchelewa, na amerekebisha hitilafu yangu wakati mtoto ananyonya. Miezi minane, mama, watu wazima wanamwandikia wanamwita mvivu, na hakuna aliyefikiri.

Ripoti niliisoma Jumatano ya juzi, si hii. Walitarajia nitaje iliyo na kasi zaidi. Nilitaja kasi, nilitaja uzito, nilitaja ni watu wangapi wanaitunza kila moja. Halafu nikasema kipimo changu kikubwa: ni ipi inayomsamehe mtu aliyechoka. Ndevu akacheka akasema hicho si kipimo. Nikamwambia hicho ndicho kipimo, kwa sababu programu hii nitaiandika mimi, na nimechoka, na atakayeitumia ni mwanamke mwenye mimba ya miezi minane naye amechoka, na muuguzi anayeita namba amechoka kuliko sisi wote. Sikupandisha sauti. Mkuu aliandika neno hilo kwenye ubao.

Mwishowe walichagua Babu, usishangae. Kliniki inataka kitu chenye watu wengi nyuma yake, na hilo nalielewa, mtu mmoja akiugua asiangushe foleni ya mji mzima. Ila imebandikwa karatasi ukutani kwa mwandiko wangu, UKIMWANDIKA MTU, MFUTE, na ule mtindo wa kungoja tumeuiga kwa yule mama. Ndevu sasa anamsaidia kujibu maswali ya watu kila Ijumaa. Anasema ni kwa ajili ya kazi tu. Juzi nimemkuta anamwuliza mtoto wake ana meno mangapi.

Mpaka hapa nadhani umetulia, mama, na unasema basi kama ni hivyo yameisha. Ndipo hapa nilipokuambia pana jambo langu na lako. Baba akiwa karibu, mpe kikombe chake aende nje.

Ripoti niliisoma siku kumi na mbili zilizopita. Majaribio yaliisha siku hiyohiyo. Nilimfuta Mkuu, nikamfuta Ndevu, nikamfuta baba mtoto, nikajifuta mimi. Simu kuukuu niliishusha pale juu ya kitanda, iko jikoni karibu na chumvi, haisikilizi tena kitu. Lakini wewe umeendelea kupata meseji. Mbili kwa siku, siku nyingine tatu. Ndizo mlizozipeleka kwenye kikao cha pili, kile kilichoomba gari.

Hizo si za mtoto. Kwenye ule ukurasa wa majaribio kuna kitufe cha kutuma kwa mkono. Nilikuwa nakibonyeza mimi.

Ya Jumatatu iliyopita mtoto alikuwa amelala fofofo. Mimi nilikuwa nimeunguza chakula, nguo zimelowa kwenye kamba, na ofisini wamenirudishia kazi niifanye upya. Nikabonyeza. Hazikupita dakika kumi ukapiga, unahema kwa kupanda tangi, ukaniuliza analia nini. Nikasema ameshanyamaza. Ukasema haya, na wewe je, umekula? Tukaongea mpaka mtandao ukakatika. Nikainuka nikaosha sufuria. Ya Alhamisi ilikuwa hivyohivyo. Ya Jumamosi hata sababu sina, nilikaa tu kwenye ngazi nikabonyeza. Nilijua ni vibaya. Nilijua unapanda tangi na mgongo huo. Lakini nisingeweza kupiga simu nikasema mama nimechoka, kwa sababu nilipotoka kujifungua na ukataka kubaki, mimi ndiye niliyekuambia nenda, nitaweza, na nikabeba mkoba wako mpaka kituoni ili nikuonyeshe. Sasa nikawa namtuma mtoto aseme badala yangu, na yeye amelala zake.

Nisamehe, mama. Hilo ndilo kubwa.

Sasa sikiliza, na hapa nasema kama mama wa mtu, si kama binti yako. Mheshimiwa haendi popote. Chumba mlichokitayarisha kirudishieni meza yake. Gari la magodoro mjomba alirudishe kazini kwake na shukrani zangu. Mimi kuchoka nimechoka, lakini sijashindwa, na nisingependa kikao kichanganye hayo mawili. Mtoto anamjua baba yake kwa mlio wa ngazi. Ananijua mimi kwa nini sijui, labda kwa jasho. Atakaa hapa.

Lakini Jumamosi uje. Uje wewe peke yako, na ule mkoba wako mdogo, ukae wiki mbili au mpaka utakaponichoka. Sare za shule wape wenzako wamalizie. Baba mtoto ameshafunga taa mpya kwenye kile chumba cha nyuma, ameifunga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza aliifunga akiwa anaitikia simu. Na vile viguo sita nilivyosikia umeshona, vilete. Hivyo sivikatai.

Leo, kabla sijaifunga barua hii, nakufuta kwenye orodha. Usipopata meseji, mtoto hajapoteza sauti. Ni kwamba kuanzia sasa nikitaka kukuambia nimechoka nitapiga simu, nitasema nimechoka, na wewe hutasema najua. Utaniacha nimalize sentensi. Tukubaliane hivyo.

Msalimie baba, mwambie kuhusu mapafu alikuwa na haki. Mama mkubwa mwambie asilie tena, na mjomba mwambie hesabu yake ya dakika saba ilikuwa sahihi kabisa, meseji tu ndizo zilizokuwa na kasoro. Mkweo anakusalimu, anasema hajakubali kitu, alikuwa na nyaya mdomoni.

Nakungoja kituoni Jumamosi, na mkoba nitaubeba mimi tena, safari hii kuja nao nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Mama Mheshimiwa

Nilikuwa nakunja karatasi mara nikamsikia ameanza. Nimehesabu. Nimefika saba, amenyamaza mwenyewe.